Mzazi mmoja, milango minne



Ndugu Waislamu, mjamzito wa kijiji cha Wilaya ya Kishapu akishikwa na uchungu wenye matatizo, huenda akapitia mikono ya wamiliki kadhaa. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya iliyopo Mhunze ni dhamana ya halmashauri, chini ya TAMISEMI. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, iliyopo Mwawaza, ni ya Wizara ya Afya, tangu hospitali za namna hiyo zilipoondolewa TAMISEMI mwaka 2017. Kolandoto ni ya Kanisa la AICT. Ya Mwadui ni ya mgodi wa almasi. Kila mlango una mwenyewe na bajeti yake, na hatuna ugomvi na hilo. Tunachouliza ni hiki: kati ya mlango na mlango, mzazi yule ni amana ya nani?

Tunauliza kwa kuwa damu haisubiri. Mwanamke anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufariki ndani ya saa mbili, na mkunga wa zahanati, hata awe hodari vipi, hana chumba cha upasuaji. Na masika yakikolea, kila aliyepita mbuga zile anaujua udongo wake mweusi.

Jawabu moja limekwishapatikana, tena limezaliwa huku huku kwetu. Mpango wa m-mama ulijaribiwa Sengerema na mkoani Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwezi Aprili 2022. Mhudumu au jamaa hupiga 115 bila malipo. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa kijamii aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Hospitali inayompokea hupewa habari mapema.

Kitaifa, utafiti wa mwaka 2022 ulionesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Wanaojifungulia vituoni wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Alhamdulillah. Lakini kadiri wengi wanavyofika zahanati, ndivyo rufaa inavyozidi kuwa nyingi, na dereva asiyelipwa safari ya jana hatoki kitandani saa nane za usiku wa leo. Hapo hakuna wa kumlaumu ila aliyeshika mfuko.

Wapo watakaoshangaa ukurasa wa Ijumaa kuitaja hospitali ya kanisa. Kusaidiana katika wema tumeamrishwa (Al-Maida, aya ya 2), na mtoto aliyekwama tumboni hangoji tumalize mjadala. Halmashauri na hospitali za mashirika ya dini huweza kufunga mkataba wa huduma; bila mkataba huo, msamaha wa gharama anaoupata mjamzito katika vituo vya Serikali unaweza kukomea getini. Nanyi waume, nafaka ya mke ni juu yenu: namba 115 iwe katika simu ya kila aliyemo nyumbani, na ruhusa ya kuondoka itolewe kabla ya uchungu, si baada ya kikao cha ukoo.

Kwa madiwani wa Kishapu tuna ombi mahususi. Makadirio hupitishwa kabla ya Julai Mosi. Malipo ya madereva na mkataba wa huduma viandikwe humo, kila kimoja kwa jina lake na kwa kiasi chake.