Sikonge: Maji kwanza, vifaranga baadaye

Malipo ya tumbaku yakishaingia, mkulima wa Sikonge hakosi mshauri. Mmoja atamwambia anunue pikipiki, mwingine mabati, na siku hizi yupo wa kumwambia achimbe bwawa la samaki, apandikize vifaranga elfu kadhaa na angoje miezi sita awe tajiri. Ushauri wa kuchimba bwawa si mbaya. Ubaya uko kwenye hayo maelfu, na kwenye ukimya unaohusu maji.

Soko lipo, hilo halina ubishi. Sikonge iko kilometa 70 hivi kusini mwa Tabora, mbali na Ziwa Tanganyika na mbali vilevile na Ziwa Victoria. Tangu enzi za misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, wakati chumvi ya Uvinza ilipokuwa mali ya kubebwa kichwani, samaki aliyefika huku alikuwa mkavu. Hadi leo mama ntilie anayetaka samaki mbichi hutegemea barafu ya watu wa mbali. Sato aliyevuliwa asubuhi hiyo hiyo kijijini hatakosa mnunuzi.

Lakini historia ya mabwawa nchini inatoa tahadhari. Majaribio ya kufuga perege yalianza mwaka 1949 huko Korogwe, mkoani Tanga, na Malya, kusini mwa Ziwa Victoria. Mabwawa mengi yalichimbwa, kisha yakafa kwa ukame na kwa kukosa matunzo. Mwaka 1967 Serikali ikazindua kampeni ya kitaifa ya ufugaji wa samaki, nayo ikaishia pale pale, kwa sababu zile zile za usimamizi. Tatizo halikuwa ari ya kuchimba. Watu walichimba sana.

Kwa mkulima wa Sikonge, jambo la kwanza la kukubali ni kwamba shamba zuri la tumbaku ni eneo baya la bwawa. Tumbaku hupenda udongo mwepesi wa kichanga, na udongo huo hunywa maji kama chungu kilichopasuka. Bwawa linataka mfinyanzi, na mara nyingi mfinyanzi unapatikana mbugani, kule kunakolimwa mpunga. Kupima hakuhitaji mtaalamu kutoka mkoani. Kichimbwe kishimo cha kufika kiunoni, kijazwe maji asubuhi hadi mdomoni, kijazwe tena jioni na kufunikwa kwa majani. Kesho yake asubuhi, kama maji mengi bado yapo, hapo pana matumaini. Kama yametoweka, hela ya kuchimba ibaki mfukoni. Turubai la nailoni laweza kuzuia maji yasizame, ila gharama yake ni kubwa kuliko mavuno ya kwanza ya mfugaji mdogo yanavyoweza kubeba.

Jambo la pili ni jua, na hapa ndipo washauri wengi hunyamaza. Mvua za Tabora huanza Novemba na kukatika kati ya Aprili na Mei. Baada ya hapo bwawa halipati tone. Katika kiangazi cha huku, kukadiria kwamba jua na upepo hunyonya nusu sentimita ya maji kwa siku si kutia chumvi. Kwa siku 150 za kiangazi hiyo ni sentimita 75, na bado hayajahesabiwa yanayozama ardhini. Bwawa dogo la kawaida lina kina cha mita moja hadi moja na robo. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba anayepandikiza vifaranga mwezi Juni anawapandikiza kwenye tope la Oktoba.

Atasema atajaza kwa dumu. Tuseme bwawa lake lina urefu wa mita 15 na upana wa mita 10. Nusu sentimita juu ya mita 150 za mraba ni lita 750, yaani madumu 37 ya lita 20 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Nani atayabeba? Kwa kawaida ni mama na watoto, na hao hawakushirikishwa wakati bwawa linapangwa.

Basi kalenda ifuate mvua. Fedha ya tumbaku inapokuja katikati ya mwaka, huo ndio wakati wa kuchimba na kushindilia matuta, ardhi ikiwa kavu na vibarua wakipatikana. Mvua za Novemba na Desemba zijaze. Vifaranga waingie Januari, wavuliwe Julai au Agosti kabla maji hayajashuka sana. Kwa bahati njema, hiyo ni miezi ambayo fedha ya tumbaku inazunguka mitaani na watu wana uwezo wa kununua kitoweo.

Kati ya kujaza na kupandikiza kuna kazi ambayo wanaoanza huiruka kwa pupa. Watu wanaofuga samaki wa mapambo wa baharini ndani ya matangi ya vioo huchanganya maji na chumvi, huwasha pampu, kisha hungoja wiki nne hadi sita bila kununua samaki hata mmoja. Wanangoja bakteria wazaliane wa kugeuza amonia itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula, maana amonia ni sumu. Asiyengoja huamka akakuta samaki wa bei mbaya wanaelea. Bwawa la mbugani halihitaji pampu wala chumvi, lakini nalo halitaki haraka. Chokaa ya kilimo imwagwe sakafuni, kilo 10 hadi 20 kwa mita 100 za mraba. Baada ya maji kuingia, iwekwe samadi ya ng'ombe au ya kuku kwa kiasi. Ndani ya wiki moja au mbili maji hugeuka kijani, dalili kwamba vimelea vidogo ambavyo ni chakula cha samaki vimeota. Kipimo ni mkono: ukizamishwa hadi kwenye kiwiko na kiganja kikawa hakionekani, maji yako tayari. Kiganja kikipotea mapema zaidi ya hapo, samadi imezidi, na alfajiri samaki watakuwa wakihema juu kwa kukosa hewa.

Kuhusu idadi, mwanzoni samaki wawili kwa mita ya mraba wanatosha. Bwawa lililotajwa litachukua vifaranga 300. Wakipona asilimia 80, na kila mmoja akafika gramu 200 kwa pumba, mashudu ya alizeti na dagaa wa kusaga, mavuno ni kilo 48. Hiyo haijengi nyumba. Inalisha familia, inalipa sehemu ya ada, na zaidi ya yote inamfundisha mfugaji tabia ya maji yake kwa hasara anayoweza kuivumilia. Anayeanza na vifaranga 5,000 hujifunza mambo yale yale kwa fedha ya mkopo.

Majani ya ukingoni yafyekwe, maana konokono wa kichocho hupenda kujificha humo. Kenge na ndege watakuja bila kualikwa. Anayetaka kuziba kijito apate kwanza kibali cha bodi ya maji ya bonde, na asiruhusu sato wa kuletwa kutorokea mtoni. Mto Ugalla humwaga maji yake Malagarasi, na mito hiyo ina perege wa asili ambao sato mgeni anaweza kuzaana nao na kuharibu mbegu yao.

Linabaki suala la vifaranga, na hili haliwezi kuachiwa mkulima peke yake. Sato wa kike na wa kiume wakichanganywa huanza kuzaana wakiwa na miezi mitatu tu, bwawa likajaa visamaki visivyouzika. Vifaranga wa dume wanatoka kwenye vituo vyenye utaalamu. Mkoa wa Tabora una kituo cha ukuzaji viumbe maji Mwamapuli, lakini hicho kiko Igunga, zaidi ya kilometa 200 kutoka Sikonge. Mfuko wa vifaranga ukisafirishwa umbali huo juani, wengi hufika wamekufa, na mkulima mwenye haja ya 300 hawezi kukodi gari peke yake. Halmashauri inaweza kukusanya oda za vijiji mwezi Desemba na kuleta vifaranga kwa safari moja ya usiku. Ikiwa mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu itatumika kwa kazi hii, kikundi kimoja chenye maji ya mwaka mzima kipewe kazi ya kulea vifaranga kwa ajili ya wengine, na marejesho yaanze Agosti, baada ya samaki kuuzwa.