Bilauri za Mguu Katika Walima Zetu

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, katika walima zinazofanyika kumbini imekuwa ada maharusi kupewa bilauri zenye mguu mrefu, zimejazwa sharubati, wakazigonganisha mbele ya wageni. Baadhi ya wazee huinuka wakaondoka, wakidhani kinachonywewa ni ulevi. Vijana nao husema: ni juisi tu, kosa liko wapi? Siku ya furaha ikawa siku ya mfarakano.

Kwanza, bilauri yenyewe haina dhambi. Mguu wake umewekwa ili joto la kiganja lisifikie kinywaji. Vyombo tulivyokatazwa kunywea ni vya dhahabu na fedha, kama ilivyothibiti katika Hadithi ya Hudhayfa (R.A.). Naye Mtume (S.A.W.) aliwahi kuukataza ujumbe wa Abdul-Qays vyombo vilivyozoeleka kwa vileo, kama vile kibuyu na gogo lililochongwa. Baadaye aliviruhusu, akabainisha kuwa chombo hakihalalishi wala hakiharamishi kitu, bali kila kilevi ni haramu. Hayo ameyapokea Imamu Muslim. Basi anayenywea maji katika bilauri hiyo tusimlaumu.

Pili, chombo ni jambo moja na mwigo ni jambo jingine. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ametoa katika Ihyaa mfano wa watu waliopanga vyombo vya ulevi, wakatia sikanjabini, yaani kinywaji cha siki na asali, wakamweka mnyweshaji wa kuwazungushia kama wafanyavyo walevi. Kinywaji ni halali, lakini aliharamisha kitendo chao kwa kujifananisha na watu wa ufisadi. Hapo ndipo tulipo: kosa haliko katika kioo wala katika embe, limo katika kule kugonganisha. Mtoto anayetazama hujifunza ishara leo, na kesho ataulizia kinywaji chake.

Tunawanasihi wazazi na kamati za harusi walikubaliane hili mapema na wenye ukumbi. Maharusi wanywe wameketi, kwa Bismillahi na kwa mkono wa kulia. Na wazee wetu tunawaomba waulize kabla ya kuondoka, kwani baadhi ya dhana ni dhambi.

Wabillahi tawfiiq.