Na Waliochuma Kahawa, Je?

Nachukua fursa hii kutoa maoni juu ya jambo ambalo limenikaa rohoni tangu muhula uliopita. Jambo lenyewe ni hili: mwulize mgeni yeyote aliyesoma vitabu akutajie mwanamke mkulima wa Thika. Atakutajia mama mmoja Mwingereza. Hatamtaja nyanya yako wala nyanya yangu. Nami simlaumu mgeni huyo, kwa maana hajaandikiwa mwingine wa kumtaja.

Mama huyo ni Nellie Grant. Yeye na mumewe, Josceline, walikuja nchini mwaka wa 1912, na binti yao Elspeth akawafuata mwaka wa 1913 akiwa na umri wa miaka sita. Thika siku hizo haikuwa mji. Ilikuwa daraja la mto Chania, hoteli ya Blue Posts iliyojengwa mwaka wa 1908 karibu na maporomoko, na tawi la reli kutoka Nairobi lililofika huo mwaka wa 1913. Yule binti alipokuwa mtu mzima aliolewa, akawa Elspeth Huxley, na mwaka wa 1959 akachapisha kitabu The Flame Trees of Thika, ambamo mama yake anaitwa Tilly. Mwaka wa 1981 kitabu kikafanywa mchezo wa televisheni huko Uingereza. Basi jina la Thika likaenda duniani likiwa limebebwa na huyo mama mlowezi.

Kitabu chenyewe nimekisoma, na sitaki kumdharau yule mama. Aliacha starehe za kwao akaishi katika nyumba ya nyasi. Alitibu vidonda vya wafanyakazi, alijaribu mbegu za kila aina, alilea mtoto mahali ambapo hapakuwa na jirani wa kumwazima chumvi. Alikuwa jasiri, haki yake apewe. Tena binti yake alijaribu kuwaandika Wakikuyu katika riwaya nyingine, Red Strangers, ya mwaka wa 1939, na wako wanaoisifu. Lakini hesabu hainiingii akilini. Familia ile ilikaa Thika miaka michache tu, tena ikakatizwa na Vita Vikuu vya Kwanza. Baadaye walihamia Njoro. Mwaka wa 1965 Nellie alikwenda kuishi Ureno, akafariki mwaka wa 1977, na binti yake akakusanya barua zake akazitoa kitabu. Kwa hivyo twajua alipofika, twajua alipoondoka, twajua hata alivyokuwa akifikiri juu ya mboga zake.

Sasa nije kwa wetu. Mama yake nyanya yangu alitoka upande wa Murang'a akaja kwa miguu kuchuma kahawa katika shamba moja la mlowezi karibu na Ruiru. Alikuja msichana, akaolewa huko huko kwenye laini za wafanyakazi, akazaa huko, akazeeka huko. Alikaa kwenye kahawa maisha yake yote. Na tunalo nini juu yake? Tunalo jina. Hilo nalo tunalo kwa sababu desturi yetu ya Wakikuyu ni kwamba binti wa pili huitwa jina la nyanya mzaa mama, na shangazi yangu alizaliwa wa pili. Kama angezaliwa mvulana, pengine hata jina lisingefika kwetu. Mwaka aliokuja hatuujui. Aliyemleta hatumjui. Picha hakuna.

Labda msomaji atasema, ah, huyo ni mtu mmoja tu, na mashambani walikuwako maelfu. Hapo ndipo pana utamu wa historia! Hebu tujiulize, wanawake hawa walifikaje kwenye kahawa ya watu wengine? Mwaka wa 1919 serikali ya Gavana Northey ilitoa waraka ulioagiza maofisa na machifu wahimize watu wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi, na pale ambapo shamba lilikuwa karibu na makao ya Waafrika, wanawake na watoto nao wahimizwe. Kuhimizwa na chifu siku hizo sote twajua maana yake. Wasichana walipelekwa mashambani, na malalamiko juu ya kazi hiyo yalikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapigania Harry Thuku, mzaliwa wa Kiambu hii hii. Thuku alikamatwa Machi 1922, umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, na aliyewachochea wanaume wasirudi nyumbani mikono mitupu alikuwa mwanamke, Mary Muthoni Nyanjiru. Alipigwa risasi akafa pamoja na wengine wengi. Jina la Nyanjiru tunalisoma darasani, na ni vizuri. Lakini wale wasichana waliokuwa kiini cha malalamiko hayo, waliporudi kesho yake kuchuma, nani aliwaandika?

Kitu kingine: wao walichuma kahawa, lakini kupanda yao walikatazwa. Kwa miaka mingi Mwafrika wa sehemu zetu hakuruhusiwa kuwa na shina la kahawa, na mlango ulifunguka hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954. Fikiria mtu anajua kila kitu juu ya mmea, tangu ua hadi gunia, na hawezi kuwa nao mlangoni pake!

Nyanya yangu (nyumbani tunamwita cucu, na vijana wa mtaani husema shosho, lakini hili ni jarida la Kiswahili) alianza kuchuma akiwa na miaka kama tisa, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka wa 1952. Anasema asubuhi mama yake alilazimishwa kuchimba handaki la kijiji, na akitoka huko alikwenda kwenye kahawa na debe lake. Mshahara ulikuwa kwa debe, si kwa siku. Buni nyekundu peke yake ndizo zilizotakiwa. Jioni kila mtu alimwaga zake juu ya gunia akazichagua, na nyapara akiona mbichi alizitupa kando na kupunguza hesabu. Debe likijaa hadi mdomoni nyapara alilipiga teke mara mbili tatu, buni zikashuka, akasema, "Mama, debe lako halijajaa." Kwa hivyo nyanya anasema alijifunza kujaza debe hadi likawa na kichwa kama mlima. Mtoto mchanga alibebwa mgongoni, na akiwa mzito aliachwa chini ya mti na dada yake wa miaka mitano, ambaye naye alikuwa mtoto wa kuangaliwa.

Nikamwuliza kama alimchukia bibi mwenye shamba. Alicheka. Akasema, "Alikuwa anatupa dawa ya malaria. Na hilo debe la kupigwa teke lilikuwa lake." Akanyamaza hapo. Mimi naona hilo ni jibu la mtu anayejua mambo kuliko vitabu vingi, kwa sababu halimpaki mtu rangi moja.

Nije kwenye jambo linaloniudhi zaidi. Hapa Ruiru pana kituo cha utafiti wa kahawa, na mwaka wa 1985 kilitoa mbegu maarufu ya Ruiru 11, isiyoshikwa kwa urahisi na ugonjwa wa buni wala kutu ya majani. Mbegu hiyo hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono, ua kwa ua. Mmea huo una ukoo ulioandikwa sawasawa! Mama yake ni Catimor. Upande wa baba kuna SL28, ambayo nayo ilichaguliwa Kabete katika miaka ya 1930. Mti wa kahawa wa Ruiru unajulikana mama yake na baba yake na nambari zao, na mwanamke aliyeuchuma hana hata mstari mmoja. Sisemi watafiti waache kuandika. Nasema kumbe kuandika kunawezekana, watu wakitaka.

Wako watakaouliza, mambo haya ya kale yana faida gani kwa mtu anayetafuta alama za mtihani? Nitajibu kwa jambo la nyumbani. Baada ya uhuru nyanya na wenzake walianzisha chama cha akina mama, wakachanga pesa za madebe shilingi kwa shilingi, na kwa pesa hizo akapata hisa katika kampuni moja ya kununua mashamba. Hisa ikazaa ploti, ndiyo hii tunayoishi. Lakini hatimiliki iliandikwa jina la babu, kwani ndivyo mambo yalivyofanywa. Babu alikwisha kufariki. Sasa bei ya ardhi ya Ruiru imepanda kama moshi tangu barabara kuu ya Thika ikamilishwe mwaka wa 2012, na mashamba ya kahawa yamegeuka nyumba. Hata Tatu City imejengwa palipokuwa kahawa. Kila Krismasi mazungumzo ya kuuza ploti yanaanza, na utasikia wazee wakisema "shamba la baba". Nyanya ameketi pale pale akimenya njegere, hasemi kitu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 inatambua kwamba mchango wa mke si pesa tu, na inataja kazi za nyumbani, kulea watoto na hata kazi ya shamba. Sheria iko, lakini itashuhudiwa na nani ikiwa hakuna mtu nyumbani anayejua yale madebe yalikuwa mangapi? Mimi siwezi kuwaamulia wazazi wangu. Lakini naweza kuandika pesa zilikotoka, tarehe na mahali, na karatasi hiyo ikae mezani wanapozungumza.

Ami yangu mmoja hakupendezwa aliponiona na daftari. Alisema mambo ya laini ni aibu, kwamba walitoka huko kwa taabu na hakuna haja ya kumwambia kila mtu kwamba tulilala wanane chumba kimoja na kula posho ya mlowezi. Namheshimu, na naelewa. Aliyewahi kudharauliwa hapendi kukumbushwa. Hata hivyo naona aibu hiyo imebebwa na mtu asiye na hatia. Mbona mama Nellie kulala katika nyumba ya nyasi kunaitwa ujasiri, na mama yake nyanya kulala katika nyumba ya nyasi kunaitwa aibu? Nyumba ni zile zile, na hata nyasi ni za kilima kimoja.

Rafiki yangu wa kidato cha nne naye aliniambia historia ni ya watu wakubwa, ya akina Kenyatta na Kimathi. Basi na tungoje hadi nyanya zetu wawe wakubwa! Wengi wao wamepita miaka themanini, na kila likizo ikiisha tunarudi shuleni kusikia matangazo ya mazishi.

Kwa hivyo ninapendekeza kwa chama chetu cha Kiswahili mambo haya. Kitabu cha Thika kibaki maktabani, wala kisiondolewe. Karibu yake iwekwe faili moja kubwa, na kila mwanachama alete kurasa mbili za nyanya yake, au za jirani mzee ikiwa nyanya hayupo. Yaandikwe kwanza kwa lugha aliyosimulia, iwe Kikuyu, Kikamba au nyingine, kisha tuyatafsiri kwa Kiswahili sisi wenyewe. Mlezi wa chama ameniambia rafu ipo. Mwenye simu ya mzazi arekodi sauti, ila aombe ruhusa kwanza, na mzee akisema jambo fulani lisiandikwe, lisiandikwe.

Na tusiende kuwauliza, "Nyanya, tupe historia yako." Atakwambia hana, akuulize kama umekula. Mwulize debe la kwanza lilijaa saa ngapi. Mwulize nani alimshikia mtoto, wimbo gani uliimbwa kwenye mistari ya kahawa, mvua ikinyesha walikwenda wapi, na pesa alizificha wapi mumewe asizione. Mimi nilianza na hilo la pesa. Jibu lake lilichukua Jumamosi nzima, na bado hajafika mwaka wa 1963.