Mkongwe Afunze, Chipukizi Acheze

Huenda nyumbani kwako kuna kijana ambaye kila Jumapili huamka mapema, akapiga pasi nguo zake za kriketi, akakuomba nauli na kushika njia kwenda uwanjani. Anaporudi jioni, wewe humwuliza swali moja tu: “Mlishinda?” Leo ningependa ubadilishe swali hilo. Mwulize: “Je, wewe ulicheza?”

Nasema hivi kwa sababu klabu zetu hupenda ushindi wa haraka. Kwa miaka mingi klabu za Nairobi zimekuwa zikileta wachezaji wa kulipwa kutoka India, na kuwabembeleza wakongwe wa humu nchini waliokwisha kustaafu warudi uwanjani. Hilo si kosa hata kidogo. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Kosa huingia pale mgeni na mkongwe wanapopewa kila kazi yenye uzito, naye chipukizi akaachiwa makombo.

Hebu tupige hesabu pamoja. Katika mchezo wa ova 50, kila ova ikiwa na mipira 6, mrushaji mmoja haruhusiwi kupita ova 10. Timu yenye wakongwe watatu hodari wa kurusha itawapa ova 30 nzima, kisha hao hao watangulie kushika gongo. Kijana wako atasimama ukingoni mwa uwanja akikimbiza mipira juani, na zamu yake ya kupiga, ikiwa itafika, itamkuta zimesalia ova mbili. Jina lake litaandikwa kwenye orodha ya timu, lakini ataondoka bila kujifunza lolote. Miaka miwili ya namna hiyo yatosha kumfanya aweke gongo uvunguni mwa kitanda na kuusahau mchezo.

Haikuwa hivyo sikuzote. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune nchini India, Kenya iliwaangusha West Indies katika Kombe la Dunia kwa kuwatoa wote wakiwa na mikimbio 93 tu. Katika kikosi hicho cha nahodha Maurice Odumbe alikuwamo Thomas Odoyo, mvulana wa miaka 17. Hakuna aliyemwambia angoje hadi aote ndevu.

Mwaka wa 2003 mambo yalinoga zaidi. Wateuzi walimwita Aasif Karim, nahodha wa Kombe la Dunia la 1999, ambaye alikuwa ameshastaafu. Akiwa na miaka 39, alirusha ova 8 na mipira 2 dhidi ya Australia mjini Durban, akaangusha wiketi 3 na kutoa mikimbio 7 pekee. Majuma machache kabla ya hapo, katika uwanja wa Gymkhana hapa Nairobi, Collins Obuya aliyekuwa na miaka 21 alikuwa ameangusha wiketi 5 za Sri Lanka kwa mikimbio 24. Mzee na kijana, kila mmoja alipewa mpira mkononi wakati wa kufaa. Kenya ikafika nusu fainali.

Baadaye je? Timu yetu ya vijana wasiozidi miaka 19 ilikuwa imecheza Kombe la Dunia la vijana mwaka wa 1998, 2000 na 2002. Baada ya hapo haikuonekana tena huko hadi 2018. Miaka 16! Mtoto aliyezaliwa siku hizo alikuwa amefika shule ya upili. Ndiyo maana mwaka wa 2011, tulipopoteza mechi zote sita za Kombe la Dunia, bado tulimtegemea Steve Tikolo akiwa na miaka 39. Mwaka wa 2013 alirudishwa tena akiwa na miaka 42, na mwaka wa 2014 Kenya ikapokonywa hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Najua utaniambia kulikuwa pia na ugomvi wa viongozi na uhaba wa fedha. Ni kweli kabisa. Lakini fedha hizo chache zilipopatikana, zilipaswa kuwakuza warithi wa akina Tikolo. Collins Obuya mwenyewe aliendelea kuichezea Kenya hadi 2024, akiwa na miaka 42. Yeye anastahili pongezi. Sisi tunastahili kuulizwa ni nani tuliyekuwa tukimwandaa nyuma yake.

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, ada unayolipa klabuni inakupa haki ya kuuliza. Huyo mchezaji wa kulipwa huwafunza watoto siku ngapi kwa juma? Katika mechi za mwezi huu, vijana walirusha ova ngapi, na walishika gongo wakiwa wa ngapi? Mechi inapokuwa ngumu, nahodha humtazama nani? Mkongwe anayelipwa vizuri na aandikiwe katika mkataba wake kwamba kazi yake ya kwanza ni kuacha nyuma mtu wa kuchukua nafasi yake. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Nawe mwanafunzi, usimkasirikie mkongwe aliye mbele yako. Msogelee, mtazame anavyokishika kidole juu ya mshono wa mpira, mwulize maswali hadi achoke. Kisha nenda kwa nahodha wako, kwa adabu, umwombe ova tatu. Akikunyima Jumapili hii, mwombe tena Jumapili ijayo.