Kompyuta: Masomo ya Bule Yafike Kikula Pia

Bandugu vijana wa Kikula, na ninyi wa Panda, Shituru na komini ya Likasi,

Kila mara tunapouliza kijana asiye na feza atajifunza kompyuta wapi, jibu ni moja: «Enda ku intaneti, kule byote biko bule.» Tumelisikia kwa wakubwa, kwa walimu, hata kwa wenzetu waliopata kazi Lubumbashi. Leo tunataka kulijibu, juu liko ukweli nusu.

Nusu ya kweli ni hii. freeCodeCamp, iliyoanzishwa 2014, inafundisha kuandika programu toka hatua ya kwanza na inatoa cheti bila kuomba hata franka moja. Khan Academy iko na masomo ya hesabu kwa Kifaransa. Scratch, ambayo watoto wanaitumia kutengeneza michezo na hadithi zao, inafunguka katika Kiswahili. NVDA, programu iliyoanzishwa Australia 2006 na kijana asiyeona, inamsomea kipofu kwa sauti yale yote yaliyo kwenye kioo cha kompyuta. Kweli, yote ni bule.

Lakini hesabu ya Kikula ni ingine. Video ya somo inakula mega, na mega zinanunuliwa. Simu inataka kuchajiwa, na umeme unakuja wakati unapenda, ingawa mabwawa ya Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira hayako mbali na sisi. Kompyuta, hata ile iliyokwisha kutumika, bei yake inashinda nyumba nyingi. Tuko na wenzetu walioshika diploma bila kugusa kompyuta hata siku moja. Somo la informatiki walilifanya ubaoni, kwa chaki.

Na dada zetu wanalipa kupita sisi. Nyumbani simu ikiwa moja, jioni inashikwa na kaka. Dada yuko jikoni, ama kwenye foleni ya maji, ama amebaki na wadogo juu mama hajarudi sokoni. Akitoka usiku kwenda siberi, watu wanaanza kumsema. Kisha siku ya kutafuta kazi anaulizwa kama anajua kompyuta, na jina lake linakatwa pale pale. Halafu tunasema wasichana hawapendi teknolojia!

Kobalti ya Katanga inaingia kwenye batri za simu na kompyuta za dunia nzima. Hatuombi sadaka tunaposema kwamba mtoto wa Kikula naye akae mbele ya mashini hizo.

Sasa tufanye nini? Kwanza, yale tunayoweza kufanya sisi wenyewe bila kungoja mtu.

Kuna masomo yanayotembea bila intaneti. Kiwix inaweka Wikipedia nzima ya Kifaransa kwenye simu ama kompyuta. Mtu anaisoma hata kama hana mega moja. Kolibri inapakua masomo mara moja, kisha kompyuta moja inayagawia simu zilizo karibu bila kununua chochote. Scratch pia inafanya kazi bila mtandao. Mwenzetu mmoja akipakua siku moja kule mtandao ulipo mzuri, masomo hayo yanaweza kupita mkono kwa mkono katika mtaa mzima.

Hata bila kompyuta inawezekana kuanza. CS Unplugged, iliyozaliwa New Zealand, inafundisha namna kompyuta inavyofikiri kwa karatasi na michezo. Kata karatasi tano za katoni. Chora nukta 1 kwenye ya kwanza, kisha 2, 4, 8 na 16. Ukifunua hizi na kufunika zile, unapata hesabu yoyote toka 0 hadi 31. Kompyuta nayo inahesabu vile: wazi ama imefunikwa. Mtoto wa miaka kumi anaelewa ndani ya nusu saa.

Pili, tunajifunga sisi wenyewe: kila kikundi cha kujifunza tutakachoanzisha, nusu ya nafasi ni za wasichana, na saa iwe ya mchana, Jumamosi, ile ambayo dada anaweza kutoka bila kugombezwa. Anayekuja na mtoto mgongoni aingie. Mwenzetu kipofu ama kiwete asibaki mlangoni. Haiko ndoto. Nairobi, AkiraChix iliyoanzishwa na wanawake 2010 inawafundisha wasichana wa familia zisizo na uwezo kuandika programu, na bule.

Tatu, tunawageukia viongozi. Sheria ya madini, vile ilivyorekebishwa 2018, inagawa redevansi ya madini: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa provensi, 15 kwa mji, komini, sekta ama usultani ambamo mgodi unafanya kazi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa hiyo tunadai:

– mji wa Likasi na komini zake wabandike mlangoni mahesabu: kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilitoka, na kwa kazi gani;

– Kikula ipate chumba kimoja cha watu wote, chenye kompyuta, sahani za sola, na NVDA imewekwa ndani;

– somo la informatiki litoke ubaoni, lifanyike kwenye mashini.

Kuna watakaosema kudai hakuleti kitu. Mnakumbuka RAM? Toka 2020 walikata uniti katika simu zetu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa zile za 3G na 4G. Vijana walipiga kelele, raia wakakataa, na 2022 ikaondolewa. Hakuna aliyetupatia zawadi.

Wewe unayesoma hapa: kama uko na kompyuta ya zamani iliyolala nyumbani, iamshe, uilete. Kama unajua kidogo, njoo ufundishe hicho kidogo. Kama hujui kitu, njoo na dada yako, mkae wote wawili mbele. Na siku tutakapopeleka barua komini kuomba mahesabu, tuwe wengi, tuwe watulivu, na tusirudi bila jibu.