Bibi Harusi, Dai Sauti Kamili ya Nikaha Yako



Wateja wangu wa Bukoba na Muleba huniuliza mengi kabla ya harusi: shela iwe ndefu kiasi gani, gauni liendane na hina ya rangi gani. Kuhusu sauti ya siku yenyewe, hajawahi kuniuliza mtu. Leo naomba tuizungumze, kwa sababu mimi nimeshalia kwa ajili yake.

Baba yangu ndiye aliyekuwa walii wangu. Aliniozesha kwa sauti yake nzito yenye lafudhi ya Kihaya, akataja jina langu na mahari yangu. Miaka mitatu baadaye akatangulia mbele ya haki. Nilipomfuata mpiga video kuomba rekodi ya mwanzo, akasema aliifuta zamani ili apate nafasi. Nilichobaki nacho ni kipande ambacho shemeji yangu alikiweka status, mwingine akakirekodi kutoka kwenye kioo cha simu, kikatumwa tena na tena. Baba anasikika kama mtu anayeongea ndani ya ndoo. Herufi za s na sh zinachuruzika kama maji.

Wapo wanaosema MP3 na faili kamili ni kitu kimoja, sikio halijui tofauti. Kwa kusikiliza tu, mara nyingi wanasema kweli. MP3 ilitengenezwa na wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, na hupunguza uzito wa faili kwa kutupa sauti ambazo sikio hazinasi kwa urahisi, kama sauti ndogo iliyofunikwa na kubwa. CD hubeba kilobiti 1,411 hivi kwa sekunde, MP3 nzito 320, na nyepesi 128 au chini ya hapo.

Nilijaribu na mafundi wangu. Niliwapigia kaswida moja mara mbili, kamili na ya 320, hakuna aliyekuwa na uhakika ipi ni ipi. Niliposhusha hadi 64, hata binti anayejifunza kutia vifungo akasema dufu limekuwa butu. Sauti za ghafla kama dufu na makofi huwa za kwanza kuharibika.

Kwa hiyo sisemi MP3 ni mbaya. Nasema isiwe ndiyo nakala pekee uliyonayo. Sisi mafundi tunajua: kitambaa ukishakikata hakirudi kuwa jora. Kila faili linapobanwa upya, kinakatwa kipande kingine. Ukiligeuza MP3 kuwa WAV, faili linanenepa lakini kilichotupwa hakirudi. FLAC ni jambo jingine: yenyewe hukunja bila kukata, kama gauni ndani ya begi. Ukilikunjua liko zima, na huchukua karibu nusu ya nafasi ya WAV.

Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na hadi leo tunamsikia kupitia mikwaruzo ya santuri za wakati ule. Hawakuwa na njia bora zaidi. Sisi tunayo, tena mfukoni, halafu tunaitupa kwa kuona uvivu wa kuhifadhi.

Basi bibi harusi, kabla hujatoa malipo ya awali, patana na mpiga video akukabidhi sauti ya mwanzo ikiwa WAV au FLAC, pamoja na video isiyobanwa. Iandikeni kwenye makubaliano. Mwambie pia aweke kipaza sauti karibu na walii na shekhe, kwa sababu faili kubwa haliponyi rekodi mbaya. Saa moja ya WAV ya kiwango cha CD ni kama MB 600 tu, flash ndogo inaimeza bila shida. Weka nakala mbili, moja kwako na moja kwa mama.

Ndugu wa mbali watumie MP3, wala usione vibaya. Spika ya bluetooth nayo kwa kawaida hubana sauti tena, kwa hiyo sebuleni hakuna atakayejua. Ila video ukiituma WhatsApp, itume kama dokumenti ili isipunguzwe.

Najua rekodi si sharti la nikaha. Ndoa husimama kwa walii, mashahidi na ijabu na kabuli, iwe imerekodiwa au la. Lakini sauti ya mzazi akikukabidhi kwa mumeo ni amana, na wanao watakuja kuiuliza. Wangu wameshaniuliza babu alikuwa anaongeaje, nikawawekea kile kipande. Mdogo akaniambia, "Mama, mbona hasikiki?"

Allah awarehemu wazazi wetu waliotangulia, na awatilie baraka maharusi wote wa msimu huu. Amin.