Vipindi vinane bila neno hata moja: je, mtoto anaendelea?

Mwezi uliopita mama mmoja wa Mbagala aliniandikia kwamba anataka kuacha kumpeleka mwanawe kwenye tiba ya matamshi na lugha. Mtoto ana miaka miwili na miezi minane. Wamehudhuria vipindi vinane, kila Alhamisi, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na siku hiyo genge lake la mbogamboga halifunguliwi.

“Dada, vipindi vinane na hajasema hata ‘mama’,” aliandika. “Wanacheza tu na mapovu ya sabuni. Mapovu hata mimi nayaweza.”

Nilimwomba asiache kwanza, niende naye kipindi cha tisa. Mtaalamu alikubali kwa sharti nikae kona na nisimsemeshe mtoto.

Nilichokiona ni hiki. Mtoto aliketi kwenye mkeka, mtaalamu akapuliza mapovu, mtoto akacheka na kuyakimbiza. Kisha mtaalamu akakaza kifuniko cha chupa, akaiweka mbele ya mtoto na kunyamaza. Kimya kile kilinichosha hata mimi. Mtoto alijaribu kufungua, akashindwa, akaigonga chini mara mbili. Halafu akaiinua, akaiweka kwenye kiganja cha mtaalamu na kumtazama usoni. Papo hapo mtaalamu akasema, “Fungua!” Mapovu yakaruka. Wakarudia, tena na tena. Mama, aliyekuwa kando yangu, alikuwa anaangalia simu. Simlaumu, kwani kwake ile ilikuwa michezo.

Baada ya kipindi tuliomba kuona faili. Siku ya kwanza, kwa nusu saa nzima, mtoto alimtazama mtu usoni mara 1 tu. Alipotaka kitu alilia, au alishika mkono wa mama yake na kuusukuma kwenye kitu hicho kama mtu anayetumia koleo. Siku ile ya tisa alimpa mtu kitu na kumtazama mara 11. Mchezo wa kusukumiana mpira, ambao mwanzoni hakuujali kabisa, alikaa nao kwa zamu 6. Alipoambiwa “lete kiatu” bila kuonyeshwa kwa kidole, alileta.

Mama aliisoma ile karatasi, akauliza, “Sasa mbona hamkuniambia?”

Nilitaka kumtetea mtaalamu, ambaye siku hiyo alikuwa na watoto wengine wanne nje wanasubiri. Lakini mama yuko sahihi. Wazazi wengi wanapewa mazoezi bila kuambiwa kinachopimwa, kwa hiyo wanakaa wakisubiri neno, na neno lisipokuja wanahesabu nauli. Mtaalamu mwenyewe alikiri kosa.

Mzazi, neno halianzi mdomoni. Mtoto hugundua kwanza kwamba kuna mtu mwingine anayeweza kumsaidia, kwamba akimtazama, akimpa kitu au akinyoosha kidole, jambo hutokea. Huanza pia kuelewa maneno mengi kuliko anayoweza kuyatamka. Mtoto anayevuta mkono wa mtu kama chombo bado hajafika hapo. Anayempa mtu chupa na kumtazama usoni amefika, hata kama yuko kimya. Kwa mtoto huyu wa Mbagala, huo ndio ulikuwa mkwamo, na ndio ulioanza kufunguka.

Hii haina maana kwamba umri si kitu. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilirekebisha orodha yake ya hatua za ukuaji mwaka 2022, na kiliweka hatua ambazo angalau asilimia 75 ya watoto huwa wamezifikia kwa umri husika. Humo utakuta mtoto wa miezi 15 ananyoosha kidole kuomba kitu, wa miezi 24 anaunganisha maneno mawili, na wa miezi 30 ana maneno kama 50. Aliye mbali na hapo anastahili kuonwa. Ile kauli ya “hata baba yake alichelewa kusema” isikucheleweshe. Waliochelewa na baadaye wakasema wapo, lakini kwa macho tu huwezi kujua mapema kama wako ni mmoja wao.

Na neno ni nini hasa? Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea hesabu. Baba mmoja alinionyesha kwa fahari video ya mwanawe wa miaka mitatu akihesabu kwa Kiingereza mpaka ishirini, kama katuni za kwenye simu zinavyofanya. Nikamuuliza, akiwa na kiu anafanyaje? Akasita. “Analia mbele ya friji.” Mtoto yule ana sauti nzuri na kumbukumbu nzuri, lakini kwenye faili la mtaalamu ile ishirini yote inaweza isihesabiwe hata neno moja, kwa sababu haimfikishii mtu ujumbe wowote. Kwa upande mwingine, mtoto anayesema “tutu” kila anapomwona kuku, na hasemi hivyo kwa kitu kingine, ana neno. Anayesema “taka” akimaanisha “nataka” ana neno pia. Watoto wanaojifunza Kiswahili kwa kawaida hudondosha vile vipande vya mwanzo vya kitenzi kabla ya kuvimudu. “Mau” kwa paka ni neno.

Kama nyumbani mnazungumza Kiswahili na Kichaga, maneno ya lugha zote mbili yanajumlishwa. Lugha mbili hazimfanyi mtoto achelewe, na hakuna haja ya kumnyamazisha bibi yake.

Kwamba mzazi anaweza kuwa mpimaji mzuri si jambo la kubembelezana. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wakiongozwa na Katie Alcock wa Chuo Kikuu cha Lancaster walitengeneza orodha za maneno ya Kiswahili na Kigiriama, ambazo wazazi huulizwa moja moja: hili mtoto analielewa? Analisema? Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2015, na ilifanywa hata kwa wazazi wasiojua kusoma, kwa kuwauliza ana kwa ana. Mama anayekaa na mtoto kutwa anajua vitu ambavyo mtaalamu wa dakika 40 hawezi kuvijua.

Dakika 40 hizo zinaangukia ndani ya wiki yenye saa 168, kwa hiyo kazi kubwa iko nyumbani. Mama wa Mbagala alipewa mambo mawili tu. La kwanza ni kusubiri. Kabla ya kumpa maji, shika kikombe anapokiona, mtazame, hesabu moyoni mpaka kumi. Akifanya lolote, akitazama, akigusa, akitoa sauti, sema “maji” na umpe mara moja. Usimngojeshe mpaka alie, na usimnyime eti kwa sababu hajatamka. La pili ni kuongeza neno moja juu ya alilotoa yeye. Akisema “maji”, mwambie “maji baridi”. Akinyoosha kidole kwa gari, mwambie “gari”, basi.

Kinachotakiwa kupungua ni ule mtihani wetu wa sebuleni: “Hii nini? Sema! Sema gari! Sema ga-ri!” Wote tunaufanya, hasa wageni wakija. Mtoto asiyeweza kujibu hujifunza kwamba mazungumzo ni mahali pa kushindwa.

Kwa wakubwa kidogo, wale wanaosema “dali” badala ya “gari”, maendeleo yana sura nyingine. Sauti inafundishwa ikiwa peke yake, kisha kwenye silabi, kwenye neno, kwenye sentensi, na mwisho kabisa kwenye maongezi ya kawaida. Mtoto anaweza kusema “gari” safi mbele ya mtaalamu, mkafika kituo cha daladala akakuambia “dali lile”. Hajarudi nyuma. Yuko katikati ya ngazi, na kumsahihisha mbele ya abiria hakutampandisha. Sema tu, “Naam, gari lile,” mwendelee.

Sasa, upo wakati ambapo kweli hakuna maendeleo, na hapo usikae kimya kwa heshima ya koti jeupe. Uliza malengo ya mwanao ni yapi, yaliandikwa lini, na mwanzoni alikuwa anaweza mara ngapi. Ikipita miezi mitatu hivi na hakuna lengo hata moja lililosogea, malengo yabadilishwe au uchunguzi urudiwe. Uliza pia kama masikio yamepimwa kwa vifaa. Kubamiza mlango mtoto akageuka si kipimo. Mtoto mwenye majimaji nyuma ya ngoma ya sikio anaweza kusikia mlango na asisikie vizuri sauti nyembamba kama “s” na “f”. Wanaozaliwa na tatizo kubwa la usikivu nao wana njia. Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, lakini hata baada ya upasuaji huo mtoto anahitaji tiba hii hii ya lugha kwa muda mrefu.

Kuhusu ulimi: udata unaweza kusumbua kunyonya na pengine baadhi ya matamshi, lakini haumzuii mtoto kuwa na maneno kabisa. Usikubali mtu akate kitu kinywani mwa mwanao kwa sababu tu hasemi.

Na mtoto aliyekuwa na maneno akayapoteza asisubiri kliniki ya mwezi ujao. Mpeleke kwa daktari wiki hiyo hiyo.

Nauli bado ni tatizo, na sitajifanya sioni. Wataalamu hawa ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Mama wa Mbagala alimwambia mtaalamu ukweli kuhusu genge lake, wakakubaliana aje kila baada ya wiki mbili, na kati ya hapo ajaze daftari: siku, alichofanya mtoto, kilichotokea kabla yake. Kigumu zaidi, anasema, kimekuwa kumshawishi bibi, ambaye anaona ni ukatili kumngojesha mjukuu kikombe cha maji hata kwa sekunde kumi. Bibi huwa ameshampa kabla mtoto hajageuza shingo.

Wiki iliyopita alinitumia picha ya ukurasa wa daftari. Jumatatu, hakuna. Jumanne, “alinipa kata, akaniangalia”. Jumatano ameandika “aji”, na pembeni, kwa kalamu nyingine, ameweka alama ya kuuliza. Chini yake kuna mwandiko wa mtu mwingine, wa kutetemeka kidogo: “Kasema. Nilikuwepo.”